Kapu la Pole

Marahaba, mjukuu wangu Salma. Shikamoo yako imenifikia. Huku Jang'ombe sote wazima, na shangazi yako kajifungua salama.

Unauliza ufanyeje, maana tajiri wa hoteli anataka useme umeungua nyumbani, si jikoni kwake. Ujanani, mashine ya kiwanda cha kamba ilinikata vidole. Tajiri akaja kunitazama na kapu la mchele na sukari, akaninong'oneza, "Zuhura, sema umejikata kwako."

Kwetu kapu la pole halirudishwi. Mimi nikamrudishia limejaa, majirani wakaguna.

"Nshapoa," nikamwambia, "lakini fidia si sadaka."

Bima ya fidia mwajiri ndiye anayeilipia, wewe hukatwi kitu, ili anayeumia kazini atibiwe na apewe haki yake. Basi sema ulipoungulia. Mimi mpaka leo nasuka ukili wa mikeka kwa vidole vilivyobaki, na sijasema nilijikata nyumbani.

Bibi yako, Zuhura