Fimbo ya Mlolongoni

Kabuchai

Mpendwa Nekesa,

Huku tuko wazima. Mahindi yameanza kutoa ndevu, na babu yako bado anabishana na redio. Huko Kitale unakula vizuri kweli?

Umeniuliza historia ya wabunge wa jimbo letu. Majina muulize babu. Mimi nakumbuka uchaguzi wa mlolongo, tulipopiga kura kwa kusimama nyuma ya picha ya mgombea, kila mtu akikuona. Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Nikachagua mstari mfupi, wa mwalimu mmoja. Mara nyuma yangu akaja baba mkwe. Na kwetu, unajua, mzee na mke wa kijana wake hawakaribiani. Akaacha nafasi.

"Mzee, songa, ama hatukuhesabu!" karani akafoka.

Hakusonga, wala hakuondoka. Alininyooshea fimbo yake. Nikashika ncha moja bila kugeuka, yeye akashika nyingine, tukahesabiwa.

Mwalimu alishindwa. Lakini tangu siku hiyo sikuwa mgeni tena katika boma lile.

Utakapopiga kura yako ya kwanza, utasimama peke yako mbele ya sanduku. Usiogope, mama. Ncha ile nyingine nimeishika mimi,

Nyanya yako, Kukhu.