Miguu ya Baridi ya Recho

Kijiji cha Muyama,
S.L.P. 41,
Kasulu.
26 Julai 2014

Mpendwa mdogo wangu Gasper,

Bwakeye? Nakusalimu kwanza, maana mama alitulea kusalimiana hata tukiwa tumenuniana. Hujambo? Mkeo Siti hajambo? Watalii wa huko Arusha hawajakuchosha na milima yao? Kile kifua kimepona, au bado unakohoa? Sisi huku tu wazima. Asubuhi baridi inauma masikio, kahawa tumeianika, maharage tumekwisha kuyapiga. Tunamshukuru Mungu.

Salamu zimekwisha. Nina hasira na wewe, Gasper, na sitazunguka mbuyu.

Barua yako ilifika Ijumaa ya wiki iliyopita, siku moja kabla ya wageni wa posa. Sikuifungua. Baba yake Recho hayupo duniani, mjomba ni wewe tu, nikasema neno la mjomba lisomwe mbele ya watu lipate heshima yake. Laiti ningeifungua nikaitia jikoni na kuni.

Jumamosi wakaja watu wa Gwarama: mzee Stanislaus, baba yake Nickson, kijana anayetaka kumwoa Recho; Apoline, shangazi yake Nickson, na Tharsisi, kaka yake. Walilala njiani Kasulu, wakafika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Tukawapa pombe ya ndizi, wakakaa wakastarehe. Mshenga akaisoma barua yako. Kiswahili kilikwenda vizuri: umesalimu, umesema kijana unamsikia ana adabu. Halafu chini kabisa ukaweka mstari mmoja wa Kiingereza: "But Recho has cold feet." Mshenga akakwama, akampa Tharsisi, maana yeye kamaliza kidato cha nne. Tharsisi akatafsiri neno kwa neno, kama mtu anayehesabu magunzi: "Lakini Recho ana miguu ya baridi."

Wewe ni mtoto wa hapa, unajua. Bibi harusi akiingia kwenye mji, ng'ombe akafa, watu husema ana mguu mbaya. Na miguu ya baridi tunaijua kwa maiti. Apoline akaweka kibuyu chini. "Tangu lini?" akaniuliza. Ningekanaje, na ni mdogo wangu mwenyewe aliyeandika? Akasema, "Muiteni tumguse."

Recho alikuwa ndiyo kwanza anarudi kisimani, pekupeku, ndoo kichwani, kwenye umande wa Julai. Apoline akainama, akamshika vidole. "Mawe we, mama yangu! Barafu! Mjomba mtu hakusema uongo."

Mwanangu alishikwashikwa miguu mbele ya wageni kama mbuzi wa mnadani. Hilo sitakusamehe upesi. Wageni wakaaga, mtungi ukiwa nusu. Unajua maana yake mgeni kuacha mtungi nusu.

Jumatatu niliipeleka barua kwa mwalimu Anifa, yule wa Tanga anayefundisha Kiingereza sekondari. Akasoma, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniona uso wangu akaacha. Akanieleza kwamba Waingereza wakisema hivyo hawasemi habari ya miguu hata kidogo. Ni mtu aliyekubali jambo, siku zikikaribia moyo unasita. Nikamwuliza, kwa nini basi wasiseme moyo? Akanijibu, "Mama Recho, na sisi tukisema mtu kapiga moyo konde, Mwingereza si atauliza ngumi ilipitia wapi?"

Hapo nilimwelewa. Hasira yangu kwa Kiingereza ikaisha palepale. Kila lugha ina mafumbo yake, mgeni huyachukua kama yalivyo, na Tharsisi wa watu hakufanya kosa. Nikarudi nyumbani nikijua mdogo wangu hakutukana, kumbe alisema kweli. Hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi.

Nilimkuta Recho jikoni anachambua maharage. Nikamwuliza taratibu kama moyo wake unasita. Akalia, kisha akanieleza yote. Gasper, tangu Juni ana barua ya kuchaguliwa chuo cha uuguzi, kaificha chini ya godoro, na chuo kinafunguliwa Septemba. Alikupigia simu mara mbili. Alikwambia kwa Kiswahili kwamba alikubali posa kwa sababu aliniona nimefurahi, na kwamba anaogopa kuniambia. Akakuomba uniambie wewe.

Recho anaogopa. Ni maneno mawili. Yalikushinda nini? Ungeandika hata Kiha ningesoma. Unajua niliishia la saba, unajua Kiingereza changu kinaanzia "good morning" na kuishia papo hapo. Nadhani ulijua vizuri mno. Uliogopa kunichukiza, ukalifungia neno la mtoto ndani ya Kiingereza, ukalala usingizi ukijiambia umesema. Hujasema kitu. Umemfanya mtoto ashikwe miguu.

Na mimi nina hasira na nafsi yangu. Tunalala nyumba moja, tunakula sahani moja, na maneno yake yamezunguka mpaka Arusha ndipo yafike jikoni kwangu. Hilo ni langu, sikutwishi wewe.

Sasa sikia. Anifa alimpigia Tharsisi akamweleza maana. Wamecheka, wameridhika, wanarudi Jumapili tarehe 10 Agosti kumalizia. Hawatapata walilolifuata. Nickson ni kijana mzuri, hajakosa lolote, na ndiyo maana anastahili kuambiwa kwa lugha anayoielewa. Uje. Utakaa kwenye kiti cha mjomba, utasema kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba Recho haolewi sasa, anakwenda kusoma. Usipokuja nitasema mwenyewe, na nitaongeza kwamba katika ukoo huu mwenye miguu ya baridi ni mmoja tu, yuko Arusha, anavaa viatu vya kupandia mlima.

Nisalimie Siti na watoto, uwabusu wote. Jirani yetu Venanti anakusalimu, na mama mkubwa anauliza kama bado unakumbuka kula ugali wa muhogo. Mungu akulinde huko juu kwenye mawe, akurudishe mzima, tugombane ana kwa ana.

Recho naye anakusalimu, mjomba wake. Aliniomba sana nisikugombeze. Hilo sikumsikiliza, nimeanza kumsikiliza kwa lile jingine, la chuo.

Ni mimi dada yako, nakupenda hata leo,
Odilia