Mpaka Niliomchorea Baba

Jumatatu, 5 Mei
Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha. Shule. Halafu kuamia mpunga wa shangazi usiliwe na ndege, hapa Michenga. Nilikuwa napika wali simu ya shangazi ilipoita. Baba mdogo Festo, kutoka ziwani kusini. Baba ameshikwa na doria ya ng'ambo. Festo alikuwa kwenye boti ya nyuma, akageuza. Wali umeungua.

Jumanne, 6 Mei
Sikusikia somo hata moja. Baba ni mvuvi wa mto, wa Malinyi. Ziwani ni mara yake ya kwanza. Kabla hajaondoka aliniuliza mpaka wa ziwani uko wapi. Nikamchorea: mstari katikati ya maji. Mwalimu alisema pia kwamba wenzetu wa ng'ambo wanadai ziwa lote, hadi ufukweni kwetu, na nchi hizi mbili hazijakubaliana. Hilo sikumwambia. Nilipenda alivyonisikiliza.

Alhamisi, 8 Mei
Huku mtoni kambi mbili za wavuvi zikigawana maji, mpaka ni mkondo. Mto ukihama, mpaka unahama, hakuna ugomvi. Festo anasema Baba aliutafuta mkondo ziwani. Maji yalipomvuta akasema, "Katikati ndiyo hapa," akatupa nyavu. Alikuwa wapi hasa? Hakuna ajuaye.
Shangazi: "Wewe na ramani zako!" Kisha: "Kula, mwanangu." Sikula.

Jumapili, 11 Mei
Misani sikupokea komunyo. Festo amepiga. Baba ataachiwa akiweka dole gumba kwenye karatasi, kwamba alikuwa kwenye maji yao. Amekataa. Amewaambia, "Binti yangu amesoma. Ni kwetu."
Nimemrudishia shangazi simu.
Nikamweleza kila kitu. Akaweka ungo chini. "Usiniambie mimi. Mwambie yeye."
Festo kesho anaruhusiwa kumpelekea chakula. Nimempa maneno haya: Shikamoo Baba. Somo sikulimaliza. Wao wana ramani yao, sisi yetu, wakubwa bado wanabishana. Mimi ndiye niliyekuficha hilo.

Jumatatu, 12 Mei
Simu ya Festo haipatikani. Namchukia kila aliyewahi kuchora mstari juu ya maji, nami nimo.

Jumatano, 14 Mei
Ameachiwa. Festo alimfikishia maneno yangu, dole gumba ameweka. Nyavu zimebaki huko. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ndege hawakuja shambani. Shangazi anapeta mchele, anaimba polepole. Nimemtumia Baba ujumbe kwa simu ya Festo:
Baba, uliniamini kwa sababu nimesoma, au kwa sababu ni mimi? Nijibu leo leo.