Sindano za Shangazi Ndani ya Friza Langu

Nzuguni, nyuma ya mashine ya kusaga,
Dodoma.
19 Novemba, 2006

Mpendwa dada Salha,

Shikamoo dada, na asalaam aleikum. Natumaini joto la Maskati limepungua na shemeji Jamaldini mgongo umemwachia. Asma ameshajua kusoma? Huku ni vumbi tu, mvua inatuchungulia halafu inajiendea Kibakwe. Mwajabu mke wangu hajambo. Mimi nimenenepa mpaka mkanda unalalamika.

Duka la vinywaji linakwenda. Wenzangu wanauza soda vuguvugu, ya kwangu ukiishika vidole vinakufa ganzi. Lakini leo sikuandikii kujisifu, na wewe unanijua: nikiacha kujisifu, ujue kuna jambo.

Jambo lenyewe ni sindano za shangazi, mama yako.

Unakumbuka mwaka jana ulipokuja na deli lile la barafu, ukauliza nani ana friji la kuaminika? Nikasimama mbele ya ukoo mzima nikasema lete hapa, Anuari kafika Mombasa, Kiingereza cha kwenye boksi ni uji kwake. Na kweli tulifurahi. Sindano moja kila wiki mbili, na ile soriasisi iliyomtoka kwenye ngozi ikamwingia viungoni ikaanza kurudi nyuma. Magamba ya viwikoni yakaisha, shangazi akasukuma chapati mwenyewe. Nikatamba mtaani utadhani dawa nimeitengeneza mimi.

Mwezi wa saba mgao wa umeme ukatushika, kutwa nzima giza ndani ya friji. Ulikuwa umetoka kutuma mzigo mpya, nikaogopa utaharibika. Nikageuza boksi, nikaona kinyota cha barafu, kile kile kilichochorwa kwenye mlango wa friza langu. Mstari ulipita juu yake. Nikadhani ni mkwaruzo wa safari. Basi nikazilaza sindano zote ndani ya friza, katikati ya barafu za ubuyu, zikawa mawe. Siku yake ikifika naitoa moja, inayeyuka, Mwajabu anamchoma kama ulivyomfundisha. Nikajiona bingwa.

Kufikia Iddi vidole vya shangazi vimevimba kama ndizi. Kanga hawezi kuifunga. Mwajabu ndiye anayemtilia maji ya udhu.

Wiki iliyopita nikampeleka kwa Daktari Thobias. Akauliza dawa tunaihifadhi vipi. Mdomo wangu ukawahi, "Baridi safi, dokta, Dodoma nzima hakuna friji kama langu!" Akasema basi pengine mwili umeikataa, itabidi akuandikie uache kuituma.

Hapo shangazi akaanza kulia. "Ni mimi, baba. Nilikunywa mizizi ya yule mganga wa Kolo, vikombe viwili, sikumwambia mtu. Mwanangu anahangaika Arabuni, mimi huku naiharibu dawa yake."

Daktari akawa anambembeleza. Mimi macho yakaangukia karatasi ya chanjo ukutani. Kinyota kile kile, mstari ule ule, na chini yake kwa Kiswahili cha darasa la kwanza: USIGANDISHE.

Dada, nilisoma nikaelewa. Nikamshika mama yako mkono, nikamwacha alie kwa kosa langu mpaka nyumbani.

Siku nne nikawa najificha dukani. Jana alfajiri nikamwomba Mwajabu birika, nikamtilia shangazi maji mwenyewe, nikamweleza yote. Nilitaka anitukane. Akanitazama, maji yanamwagika bure, akauliza, "Kwa hiyo dawa haijanikataa?"

Nikamwambia hatujui, shangazi, ila ulizochomwa miezi hii hazikuwa dawa tena. Akacheka! "Anuari, tangu utoto mdomo wako unatangulia, akili inafuata na basi la jioni." Halafu akaniombea dua. Afadhali angenichapa.

Nikaenda kwa daktari kabla ya saa mbili. Amenifokea, na nilistahili. Amesema dawa hiyo ikishaganda haifai hata ikiyeyuka, zilizobaki tusiziguse, na barua ya kukwambia uache hataiandika mpaka ajaribu tena kwa sindano nzima. Zikija, zitakaa hospitalini kwenye friji la chanjo lenye jenereta, na mimi nitakuwa nazifuata moja moja na deli. Friji langu ni la soda.

Najua unafanya zamu mbili kuzipata, na mimi nimezigandisha pamoja na ubuyu. Mimi unaweza kuninunia mwaka mzima, sitalalamika. Ila usiikatie tamaa dawa, na tafadhali usikawie. Hii ni ya maisha yake yote, na mimi nimeshamla miezi minne.

Nisalimie shemeji na umbusu Asma. Mwajabu anakusalimu sana. Mungu akupe nguvu za mikono, dada, na amrudishie mama zake.

Shangazi ametaka kuweka jina lake mwenyewe. Nilipotaka kumshikia kalamu akanikatalia, "Toa mkono wako huo, umeshanisaidia vya kutosha." Ametumia muda wa kuchemsha chai nzima. Hiyo mistari iliyopinda hapo chini ni yeye.

Mdogo wako akupendaye na kuona haya,
Anuari

M w a n a m v u a