Naenda kwa Siku Kumi, Naagwa kwa Miaka

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kwa kalamu kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Mimi ni msichana wa sekondari, napenda vitabu kuliko maongezi, na shule imenichagua mimi na wenzangu wanne kwenda nchi za nje kwa siku kumi, tukatembelee chuo kikuu na makumbusho kisha turudi darasani, basi, hiyo ndiyo safari yenyewe, lakini mwalimu alipompigia baba simu kumwambia nimechaguliwa kwenda nje kimasomo, baba, ambaye ni kinyozi, alikuwa katikati ya kumnyoa mteja, akapiga ukelele wa furaha na kukata simu kabla mwalimu hajamaliza, na jioni nilipomwambia, "Baba, ni siku..." akanikumbatia, "Siku zote nilijua, mwanangu! Siku zote!" nami nikanyamaza, karatasi za ruhusa akazisaini bila kusoma, na sasa pale saluni wanamwita Baba Profesa, naye anawajibu, "Wenu wanasoma ndani, wangu anasoma nje!" Shangazi kila akiniona analia, "Ukirudi utatukuta tumezeeka," wakati nitarudi kabla hajafumua nywele alizosuka juzi, sare zangu za shule amepewa binti wa jirani, kwenye kitanda changu amehamia kaka, na mama nilipomweleza ukweli akasema, "Mwambie mwenyewe, mimi simo," na jana baba alitangaza kwamba Jumatatu atavaa suti aende kuwaaga walimu na kuomba jina langu lifutwe shuleni, nafasi apewe mtoto mwingine, na walimu wote wanajua ni siku kumi, watamcheka, na mimi baba akiwa na furaha simwezi, nifanye nini?

Mwenye Haya

Mwenye Haya,

Pole, ingawa pole yangu kwako ni ndogo. Kubwa nimemwekea baba yako. Na hilo jina ulilojipa livue. Mwenye haya hawezi kumwacha mzazi wake avae suti kwenda kuchekwa. Wewe una woga, umeupiga pasi ukauita adabu.

Baba yako ana makosa yake, sikatai. Kinyozi anayekata simu katikati ya sentensi nayahofia masikio ya wateja wake. Shangazi anakuaga kama unahamia mwezini. Mwache alie, machozi ni yake. Mama anayejua kila kitu halafu anasema "mimi simo", yumo mpaka shingoni. Lakini safari ni yako. Mimi usiyenijua umeniandikia ukurasa mzima bila kupumua, baba yako umempa maneno matatu: "Baba, ni siku." La nne lilikuwa "kumi". Lilikuwa zito kiasi gani?

Unasema humwezi akiwa na furaha. Utamweza akitoka ofisini kwa mwalimu mkuu? Hapo atakuwa amejua mambo mawili kwa mpigo: kwamba safari ni fupi, na kwamba binti yake alijua akanyamaza. La kwanza atalicheka mwaka huuhuu. La pili sikuhakikishii.

Basi fanya hivi. Leo, kabla hajalala, mfuate. Usimtume mama, usimwandikie kikaratasi. Sema, "Baba, safari ni ya siku kumi tu, halafu narudi shuleni." Akikukumbatia, sema tena ukiwa umekumbatiwa hivyohivyo. Kisha mwombe radhi kwa kunyamaza, wala usijitetee. Kesho nenda kwa jirani ukabishe hodi mwenyewe, uombe sare zako, uone aibu kidogo. Aibu ya saizi hiyo haiui. Kama hujaweza kumaliza sentensi mbele ya baba yako, huko chuo kikuu cha watu utauliza nini?

Atanuna. Mwache anune. Nyumbani kwake anaweza kununa wiki nzima na akabaki baba. Akichekwa shuleni, hata wewe hutajua umtazame vipi.