Afande Lamwaka, Mafao Yako Yamefika Nyumbani

Mwaka umetimia, Mama Reine, tangu ulipofumba macho wodini ukituacha tumekuzunguka. Leo tunakuandikia tukiwa na habari njema.

Kule kambi ya polisi Nsambya bado wanakutaja: Sajenti Lamwaka Filder wa dawati la familia. Mchana kutwa ulisuluhisha ugomvi wa watu na wake zao, na ukirudi nyumbani ulikuwa bado na nguvu za kututania. Ulianza kucheka kabla hujamaliza kisa, nasi tukacheka bila kujua kilichotokea. Jumapili ulikaa mlangoni ukisaga karanga na ufuta, na mtoto yeyote aliyepita na kipande cha muhogo ulimpakia. Wanawake waliofika kituoni wakilia uliwapa chai kwanza, maswali baadaye.

Ulipougua, jambo moja lilikuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Kaka yako Okot alikuwa amekataa mahari yangu. Mimi Elisée, fundi cherehani kutoka Bukavu, mkimbizi, machoni pake sikuwa mume wa mtu.

"Nikiondoka, watakuachia watoto?" uliniuliza.

Nilikujibu ndiyo. Sikuwa na hakika.

Tulikuzika Kitgum, kwa baba yako. Okot hakunisalimia. Tuliporudi tukaambiwa nyumba ya kambini inahitajika kwa askari mwingine. Kwenye ofisi ya mafao karani alisema kwa upole, "Mzee, mafao ya marehemu yapo. Lakini ndoa yenu ni ya kimila, kwa hiyo ukoo wake lazima uje useme wewe ni nani. Wakikukana, mjomba ndiye atakayesimamia watoto na mafao."

Binti yetu Reine akawa hali chakula vizuri. Simu ikilia tu, anasimama, akidhani mjomba anakuja kuwachukua.

Ni Rosebella, mwenzako wa dawatini, aliyempigia Okot. Aliweka simu mezani ili sote tusikie.

"Kaka Okot, dada yako aliposhindwa kuinuka, unajua nani alikuwa akimwogesha?"

Rosebella akaisogelea simu.

"Nani alimbeba mgongoni kumpeleka chooni? Mimi nilikuwa naona. Wewe hukuwepo."

Okot akakata simu. Tukajua basi, tumekwisha.

Wiki iliyofuata Okot alishuka kwenye basi na begi moja. Alilala kwetu, akala alichopika Reine, na asubuhi tukaongozana ofisini. Karani akamuuliza, "Na huyu ni nani kwenu?"

Mimi niliangalia sakafu.

"Shemeji yangu," kaka yako akasema. "Watoto ni wake. Mlipeni yeye." Halafu akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba karani hasikii.

Nililia pale pale mbele za watu, Mama Reine. Okot akanipa kitambaa chake, akageuka kuangalia dirishani mpaka nilipomaliza.

Sasa pensheni ya warithi inaingia kila mwezi. Tulihama kambini kwa heshima, wenzako wakatubebea vitanda. Tumepanga nyuma ya maghorofa ya Bugolobi, na cherehani yangu iko barazani. Reine amerudi shule na amenenepa kidogo. Mdogo wake Gradi ameota meno ya mbele, na usiku halii tena.

Mwezi wa Desemba tulipeleka mahari Kitgum. Mama yako Alal aliipokea mwenyewe, akaniketisha karibu naye, akaniita mwanangu. Ukoo mzima ulisikia. Wewe ni mke wangu, Filder, na hakuna tena wa kuuliza. Pumzika bila wasiwasi.

Tunaokukumbuka: mumeo Elisée Bisimwa, watoto wako Reine na Gradi, mama yako Alal, kaka yako Okot, rafiki yako Rosebella na askari wote wa dawati la familia.

Mioyoni mwetu hutoki, siku zote za maisha yetu.