Kamera ya Saa Mbili Asubuhi

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini hujambo na kile kikohozi kimekuacha. Mimi mzima, miguu tu inavimba nikikaa sana kwenye cherehani, maana msimu wa sare za shule umeanza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu mimi na wewe hatuchelewi kugombana, na jambo hili nataka ulisome mpaka mwisho kabla hujaanza kufoka.

Ni Baba. Jumapili nilipokuwa nambadilisha shati niliona alama nne juu ya kiwiko, za buluu, zimepangana kama vidole. Ni vidole. Nilimuuliza yule mhudumu tunayemwita Mikono Mizito, akasema mzee anajigonga kitandani. Tangu apate kiharusi Baba hawezi hata kujigeuza, wala kusema neno. Atajigongaje? Alinitazama tu, machozi yakimtoka jicho moja, la upande ule mzima.

Nilikwenda kwa mkurugenzi kuomba nimchukue. Akanionyesha karatasi niliyosaini wakati ule mimi mwenyewe nimelazwa: mzee yuko mikononi mwa nyumba ya wazee mpaka kamati iridhike kwamba kuna sababu ya kumtoa. "Maneno hayatoshi, mama," aliniambia. "Lete ushahidi." Na simu wanatunyang'anya getini.

Nataka kamera ya dijitali, ndogo, ya kuingia kwenye sidiria. Wewe ndiye Profesa wetu, nitafutie.

Dada yako

19 Februari

Shikamoo Dada,

Kikohozi kimekwisha, hasira imeanza. Barua yako niliisoma kazini, katikati ya ukurasa wa tahariri niliokuwa nausahihisha, na makosa sita yakapita mbele ya macho yangu yakaenda kuchapishwa. Halijawahi kutokea. Mhariri aliniuliza kama naumwa.

Yule mzee hakutuinulia mkono hata siku moja. Alikuwa akimwomba radhi kuku kabla ya kumchinja, nasi tunamcheka. Leo anafinywa na mtu aliyevaa sare nyeupe yenye maandishi "Huduma kwa Upendo" kifuani. Hayo maandishi ndiyo yanayonikera kuliko vidole. Mkatili asiyejificha angalau haniombi nimshukuru.

Sasa kamera. Nimepita maduka manne, na biashara hii imejaa waongo. Muuzaji wa kwanza alinipigia kelele za megapikseli, ishirini, ishirini na nne, kana kwamba picha inauzwa kwa kilo. Nikamuuliza kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga kina ukubwa gani. Akatazama dari. Kipande kikiwa kidogo, hata uzipange pikseli milioni mia, kwenye chumba chenye giza utapata uji. Nikamweleza hivyo mbele ya wateja, akaniomba nitoke. Nilitoka, nikasimama mlangoni nikawaeleza na waliokuwa wanaingia.

Tunataka iliyo ndogo, isiyolia inapopiga, inayoweza kukaribia ngozi hadi sentimita tano bila kutia ukungu. Na ijue rangi. Nyingi zikiona ngozi nyeusi kama zetu zinaifanya mkaa, alama inapotelea humo. Waliozitengeneza hawakuwa wanamtazama mtu kama Baba. Halafu iandike tarehe na saa kwenye kila picha. Nimefungua daftari la kulinganisha. Nipe wiki mbili.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Huku tunasukuma siku. Wiki mbili zako zimekuwa nne. Nimepata lile jedwali la kamera kumi na moja, lenye rangi. Limependeza, nimelibandika ukutani karibu na vipimo vya wateja, na mama mmoja ameniuliza kama ni ratiba ya mpira. Lakini Profesa, mimi sitafuti kamera bora duniani. Natafuta kamera.

Alhamisi alikuwa na alama mbavuni. Safari hii hakulia. Nilipomgusa alifumba macho, akatulia, kama mtu anayengoja jambo limalizike. Hakujua kwamba ni mimi.

Nunua yoyote.

Dada yako

7 Aprili

Shikamoo Dada, na unisamehe.

"Yoyote" ndilo neno wanalolipenda hao. Chakula chochote, shuka lolote, mhudumu yeyote. Ukiingia kwenye kamati na picha yenye ukungu watakwambia ni kivuli, na nafasi ya pili hawatakupa. Ndiyo maana nimesoma maoni ya watu zaidi ya mia mbili, na ile ya tatu kwenye jedwali nikaitupa nje siku ya mwisho kwa sababu betri yake inazimika bila taarifa.

Nimeinunua. Imo kwenye kifurushi hiki, ndogo kuliko kipande cha sabuni. Nimeijaribu kwa kujibana mkono na mlango makusudi. Siku ya pili alama ilionekana vizuri, rangi zake zote, hata pazia likiwa limefungwa. Kwa hiyo usiogope giza. Funga pazia wasikuone, laza utepe wako wa kupimia kando ya alama ili ukubwa ujulikane, kisha karibia. Ngozi ijae picha nzima, pasibaki kitu kingine cha kuwapa maneno.

Betri nimeitoa kwa ajili ya safari, kwa hiyo ukiirudisha na kuiwasha itakuuliza tarehe na saa. Usiruke hapo, picha isiyo na saa ni porojo. Chagua mtindo wa saa ishirini na nne. Kama ni saa mbili na nusu asubuhi, andika 02:30, ubonyeze kitufe cha katikati, basi.

Barua hii nimeipitia mara tatu kutafuta makosa. Haina.

Mdogo wako

11 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za huko? Sisi salama, na leo nasema salama nikimaanisha.

Kifurushi kililala posta wiki mbili na zaidi, lakini kamera ni ya ajabu. Kwenye saa nilisita kidogo, maana simu yangu ilikuwa inaonyesha namba nyingine. Nikasema Profesa ameipitia mara tatu, nikafuata ulivyoandika. Nimepiga picha thelathini na nane kwa siku tisa, zote muda wa wageni, saa mbili mpaka saa nne asubuhi. Baba amenielewa. Jana alininyooshea mkono kabla sijamwomba.

Kamati imenipangia tarehe ishirini na sita. Nimeanza kuandaa chumba: cherehani nimeisogeza mlangoni, kitanda chake kitakaa dirishani aone watu wanaopita. Fundi seremala amekuja kupima, akaniuliza kama naolewa. Nikamjibu ndiyo, bwana harusi ana miaka themanini na mbili na hasemi, ndiyo sababu nimemkubali.

Dada yako

29 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Nimekaa siku tatu na kalamu sijui nianzie wapi.

Walikuwa watano mezani. Picha zilioneshwa ukutani kwa mashine, kubwa. Alama zote zilionekana. Kamera uliichagua vizuri. Mwenyekiti, mama mpole mwenye miwani, alinipa pole. Kisha wakili wa nyumba ya wazee akaomba waanze upya, akaonyesha kwa kalamu zile namba za pembeni. 02:14. Akazipitisha zote. 02:40. 03:05. 02:22.

"Saa nane usiku ulikuwa unafanya nini chumbani kwa mzee?" aliniuliza.

Nikamjibu ni saa mbili asubuhi, ndiyo maana imeandikwa mbili. Akasema kamera haijui Kiswahili, na watu wakacheka. Akafungua rejista ya getini: usiku hakuna mgeni aliyeingia. Basi ama niliruka ukuta, na aliyeruka ukuta usiku ndiye wa kuulizwa hizo alama zimetoka wapi, ama picha si za pale. Nichague. Nikawaomba wasome rejista hiyo hiyo, nimesaini kila siku saa mbili asubuhi. Mwenyekiti akasema rejista haina tatizo, kinachojadiliwa ni kamera.

Wanajua. Hilo ndilo linaloniua. Kabla hatujaanza, karani alisimama akatangaza kwamba ni saa nne kamili, kikao kimefunguliwa, na saa ya ukutani nyuma yake ilikuwa inaonyesha kumi. Hakuna aliyechanganyikiwa. Wote watano wamekua wakisoma saa hivyo, na wote watano waliniangalia kana kwamba ni jambo wanalolisikia kwangu kwa mara ya kwanza.

Ombi limekataliwa. Na kwa kuwa niliingiza kamera kwa siri, siruhusiwi kumwona Baba kwa siku tisini. Jana nilipeleka shati safi getini. Mlinzi akasema hata shati haruhusiwi kupokea.

Sikulaumu. Nilisita mwenyewe, ningeweza kukuuliza.

Dada yako

2 Julai

Shikamoo Dada,

Hujajibu barua mbili. Nakuomba unilaumu. Huruma yako siwezi kukaa nayo chumba kimoja.

Miaka ishirini nala kwa kuona makosa ya wengine. Nilipokuwa naijaribu kamera niliiweka saa sawasawa, mkono ulifanya wenyewe bila kufikiri. Nilipokaa kukueleza, nikaandika kama ninavyotamka. Mara tatu nimepita juu ya namba ile, na mara tatu niliisoma kwa sauti yangu, nikaisikia iko sawa.

Nimewaandikia kurasa kumi na nne. Katika nakala ulizonitumia nimewaonyesha picha ya ishirini na tatu: mstari wa jua uliopenya pazia umelala juu ya ngozi ya Baba. Jua la saa nane usiku linawaka katika nchi gani? Nimewauliza yule wakili anakula chakula cha mchana saa ngapi, na kama saa yake ya mkononi inakubaliana naye. Nimewaita waongo ukurasa wa pili, na ukurasa wa tisa nimewaita wanavyostahili. Jana wamenijibu kwa mstari mmoja: barua imepokelewa, uamuzi hautarudiwa. Unaona ujanja? Ningekuwa nimekosea hoja, wangenijibu.

Miezi miwili nililinganisha betri, Dada. Nilianza kuhesabu ni alama ngapi zilimpata ndani ya miezi hiyo, nikaacha.

Nakata rufaa. Siku tisini zikitimia, ingia upige upya. Saa irekebishe kwa kutazama simu yako, usinisikilize mimi.

Mdogo wako

21 Agosti

Mdogo wangu,

Sijui barua hii itakukuta mzima. Mimi nipo.

Baba amefariki Jumatatu. Zilikuwa zimebaki siku saba. Wameandika moyo. Waliponiita kuchukua mwili nilikuwa na kamera mfukoni, saa nimeshairekebisha, na hakuna aliyenipekua. Nilifunua shuka nikaona. Mikono Mizito mwenyewe alikuja akanifungulia dirisha nipate mwanga. Sikupiga. Nilifikiri nitamwonyesha nani, sikumpata mtu.

Tumezika juzi; kukupigia simu nilishindwa. Waombolezaji wameomba picha yake ya kuweka mezani, nikawaambia ninazo nyingi, nikawasha kamera mbele yao. Mkono. Mbavu. Goti. Mgongo. Utepe wangu wa kupimia. Nilikwenda mpaka mwisho nikarudi mpaka mwanzo, picha thelathini na nane, na uso hakuna. Ngozi imejaa kama ulivyosema. Picha zake za zamani zilikuwa kwenye sanduku alilokwenda nalo kule, nao wanasema hakuja na sanduku.

Meza ipo, nimeitandika kitambaa. Watu wakiingia wanaitazama, kisha wananitazama mimi.

Kama unayo hata moja, hata ndogo ya kitambulisho, nitumie.

Dada yako

4 Septemba

Dada,

Nimepindua masanduku yote. Vitabu nimevitikisa kimoja kimoja. Jirani yangu ni mchoraji, akaniambia nimweleze sura naye ataichora. Nilifika kwenye nyusi nikakwama.

Sina. Mwaka niliosafiri alinipa moja, aliipiga makusudi, akavaa na koti. Niliitazama pale pale stendi nikamrudishia, kwa sababu alikuwa amefumba macho. Nilimwambia akapige nyingine, nitangoja iliyo nzuri.

Mdogo wako